Mgombea akiingia mitini

Najua nimewatupa. Wiki tatu sijaandika kitu, na wengine mmeshaniuliza hadi kwenye foleni ya kantini kama nimeolewa. Sijaolewa. Ni mwaka wa mwisho tu, utafiti unanikaba koo, na maji ya hosteli yakikatika nusu ya siku yangu inaishia kwenye ndoo.

Leo nimekaa kuandika kwa sababu mimi na rumeti wangu hatusemezani tangu Alhamisi. Chumba chenyewe futi ngapi sijui, yaani tukigeuka tunapigana viwiko, halafu kimya kama msibani. Sababu? Siasa. Tena siyo siasa za nchi, siasa za hapahapa chuo.

Mnajua tuko kwenye kampeni za serikali ya wanafunzi. Wagombea urais watatu, mdahalo ulikuwa Alhamisi jioni ukumbini. Wakaja wawili. Wa tatu, ambaye ndo nilikuwa nimpigie kura (na rumeti wangu yumo kwenye timu yake ya kampeni, anatembea na mabango yake chini ya godoro), hakutokea. Tukaambiwa ana kikao cha dharura. Saa hiyohiyo wenzetu wakamwona anazunguka hosteli za wavulana, anapeana mikono na kugawa peremende. Niliporudi chumbani nikasema neno moja tu: mtu wako kura yangu asahau. Rumeti akaruka juu. "Kwa sababu ya mdahalo tu? Kuongea ndo kuongoza? Nyie watu wa Tanga mnapenda maneno nyie!"

Sikumjibu, nikalala. Ila nimeona nieleze, maana siyo hasira za Alhamisi. Hili jambo ninalo tangu mwaka 2022, na lilinianzia nyumbani Mwera, kwenye kibanda umiza.

Kwa wasiopajua, Mwera ni Pangani. Ukitoka Tanga mjini unafika Pangani, unavuka mto kwa pantoni hadi Bweni, halafu unashika njia ya kusini. Ukianza kuona mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanauma, umekaribia. Wazungu wanaokwenda kuogelea Ushongo wanakatiza kwetu wakiwa wamefunga vioo. Huo mkonge wenyewe historia yake imeanzia maeneo hayohayo, mwaka 1893, Mjerumani Hindorf alipoleta miche elfu moja ikafa karibu yote, ikabaki 62, ikapandwa Kikogwe. Kutoka miche 62 ndo mkoa mzima ukageuka mashamba. Shikeni hiyo habari ya ardhi, nitairudia.

Sasa, Julai 2022 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nasubiri chuo, kazi yangu kukuna nazi na kutumwa dukani. Kenya walikuwa wanakwenda kwenye uchaguzi tarehe 9 Agosti. Kwetu pwani uchaguzi wa Kenya siyo habari ya mbali, wavuvi wetu wana ndugu Vanga na Shimoni, na ukikuta watu wanabishana barazani kuhusu Raila na Ruto utadhani wote wana kadi za kura za Mombasa. Mwenye kibanda umiza ana lile dishi kubwa la zamani linalonasa stesheni za Kenya. Wiki tatu kabla, tarehe 19 Julai, walionyesha mdahalo wa wagombea wenza, Rigathi Gachagua na Martha Karua. Wakaja wote wawili, wakakatizana, wakarushiana vijembe, wavuvi wakafurahi kama wanaangalia ngumi. Shida ikawa moja: sehemu kubwa ilikuwa Kiingereza. Kwa hiyo Jumanne iliyofuata, tarehe 26, siku ya wagombea urais wenyewe, mjomba akaja nyumbani kumwomba mama anikopeshe. Mabinti kwetu hawaingii kibanda umiza usiku, ila mkalimani anaingia. Nikajifunga mtandio vizuri nikaenda, nikapewa kiti cha mbele kabisa, karibu na babu yangu mzaa mama ambaye naye hajawahi kuingia humo ndani, hata siku ya Simba na Yanga.

Mdahalo ulikuwa unafanyika Nairobi, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Kwanza wakaweka raundi ya wale ambao kura za maoni zilionyesha wana asilimia ndogo, David Mwaure Waihiga na Profesa George Wajackoyah. Wajackoyah akagoma, anataka wagombea wote wanne wakae jukwaa moja. Mwaure akasimama peke yake. Ikaja raundi ya wakubwa, William Ruto na Raila Odinga. Raila hakuja. Ruto akasimama peke yake. Usiku mmoja, raundi mbili, kila raundi mtu mmoja!

Babu akanigusa bega. "Mwanangu, mwenziwe yuko wapi?"

"Hakuja babu."

"Kafanyaje, anaumwa?"

"Haumwi. Watu wake wanasema hawezi kukaa jukwaa moja na mtu asiye mwadilifu."

Babu akafikiri kidogo. "Sasa mdahalo wa mtu mmoja? Huo siyo mdahalo, hayo ni mawaidha."

Kibanda kizima kikacheka, na mimi nikasahau kutafsiri swali la kwanza.

Nitawaambia nilivyomwona Ruto usiku ule, maana nilimsikiliza kuliko mtu yeyote humo ndani, neno kwa neno. Alikuwa mtulivu. Namba anazo kichwani, hatafuti karatasi. Aliulizwa gharama za maisha akaeleza uchumi wake wa kuanzia chini kwenda juu na zile shilingi bilioni 50 za mwaka kwa mama mboga na bodaboda, na hapo sikuhitaji hata kutafsiri kwa sababu mama mboga ni mama mboga. Wakamgeukia kwenye uadilifu, mali zake na ardhi. Hapo ndo niliona kitu. Mtu yuleyule aliyekuwa anateleza kama mashua yenye upepo wa nyuma, sasa anaanza kupiga makasia. Majibu yakawa marefu. Mkono ukaanza kutembea. Hakuanguka, siwezi kusema alianguka, lakini niliona mahali anapotoka jasho, na kwenye mikutano yake yote ya hadhara niliyoiona kwenye dishi lile sikuwahi kupaona.

Ila babu akasema jambo ambalo sijalisahau. Ruto alikuwa anaeleza yaliyoharibika serikalini, babu akanikatiza: "Kwani huyu si ndiye makamu? Si yumo humohumo miaka kumi? Muulize." Kana kwamba mimi naweza kumuuliza! Lakini alikuwa sahihi. Ruto alikuwa naibu rais tangu 2013, na usiku ule alisema muda mwingi kama mpinzani. Waendeshaji walijaribu kumbana. Lakini mwendesha mdahalo ana maswali thelathini na saa inakwenda, akipata jibu nusu anahamia kwingine. Wa kumng'ang'ania alikuwa ni yule ambaye hakuja. Raila ndiye aliyekuwa na sababu ya kulirudia swali la babu mara tano. Badala yake saa zile alikuwa Jericho, mtaa wa Nairobi huohuo, ana mkutano wake na wananchi, wanamuuliza maswali. Sisemi mkutano ule ulikuwa mbaya. Nasema alichagua mwenyewe nyumba, akachagua viti, akachagua na saa.

Na ile sababu ya kwamba huyu siyo mwadilifu siwezi kukaa naye, mimi hainiingii akilini kabisa. Kama unaamini mwenzio ni mwizi, si ndo uje? Uje na makaratasi, umwambie mbele ya nchi nzima, naye ajibu. Ukikaa pembeni umemfanyia hisani.

Linaloniuma zaidi ni kwamba Raila huyohuyo, miaka mitano nyuma, alikuwa upande wa pili. Niliutafuta baadaye YouTube nilipofika chuo, mdahalo wa tarehe 24 Julai 2017, ukumbi wa chuo kilekile. Uhuru Kenyatta hakuja. Raila akasimama peke yake saa nzima na zaidi, akajibu, akatania, na watu wakamsifu kwa kuheshimu wapiga kura. Alikuwa vizuri kweli. Sauti nzito, vituo vyake vile virefu, hana wasiwasi. Halafu 2022 akawa yeye ndiye wa kukosekana. (Mungu amrehemu, alifariki Oktoba 2025, na wengi huku pwani walimlilia kama wa kwao. Simsemi kwa chuki.) Nilichojifunza hapo ni kwamba wanasiasa hawana msimamo kuhusu midahalo. Wana hesabu. Anayejiona mbele anaingia mitini, anayejiona nyuma anakuja mbio. Museveni naye 2016 mdahalo wa kwanza wa Januari hakuuona, wa pili wa Februari akaja. Hata Marekani ambako walianza mambo haya kwenye runinga 1960, Carter mwaka 1980 aliukacha mmoja kwa sababu waandaaji walimwalika na mgombea wa tatu.

Sasa rumeti atasema, na alishasema kabla hatujanuniana: mbona hao wanaokacha wanashinda? Midahalo haiamui kitu.

Ni kweli, na sitazunguka. Kenya 2017 aliyekacha ndiye aliyetangazwa mshindi Agosti, ingawa Mahakama ya Juu ilikuja kuufuta uchaguzi ule tarehe 1 Septemba. 2022 aliyekuja alishinda, kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Ukitafuta sheria hapo huipati.

Na kwetu Tanzania mambo ni hayohayo. Usiku ule kibandani, mdahalo ulipoisha, babu akaanza hadithi ya 1995. Wakati ule alikuwa Dar es Salaam anabeba mizigo, na anasema alisimama nje ya duka Kariakoo na kundi la watu wanatazama televisheni dirishani. Wagombea urais wote wanne wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi walikaa pamoja, Kilimanjaro Hoteli: Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP. Kumbukeni televisheni Bara ilikuwa ndo kwanza imeanza, ITV haina hata miaka miwili. Ukimuuliza babu nani alikuwa bora, hasiti: "Profesa. Alikuwa anasema mambo ya uchumi mpaka mimi kuli nikaelewa." Na babu siyo peke yake, wahadhiri wa umri wake wanasema vilevile. Matokeo je? Mkapa asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba 6.4, Cheyo 4. Bora wa jukwaani akapata 6.4! Nikamuuliza babu, wewe ulimpigia nani? Akacheka akasema kura ni siri.

Tangu siku ile hadi leo, mgombea urais wa CCM hajakaa tena kwenye mdahalo wa runinga pamoja na wapinzani wake. Mimi nimezaliwa, nimesoma chekechea mpaka chuo kikuu, sijaona. 2010 chama kilikwenda mbali zaidi, kikawazuia hata wagombea wake wa ubunge kushiriki midahalo. 2015 ukaandaliwa mdahalo wa urais mwezi Oktoba, John Magufuli hakuja, na Edward Lowassa wa UKAWA naye hakuja. Maana tusidhani kuingia mitini ni ugonjwa wa chama kimoja. Waliokuja ni wa vyama vidogo, akiwemo Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanamke pekee kwenye kinyang'anyiro. Nimeutazama. Mama yule alikuwa anasikiliza swali mpaka mwisho kabla ya kujibu, jambo dogo hilo lakini hesabuni wanasiasa wangapi mnaowajua wanalifanya. Haongezi sauti, hatukani mtu. Akapata asilimia 0.65. Chini ya moja!

Kwa hiyo rumeti ana hoja, nakubali. Mdahalo haukupi kura. Na nakubali jingine ambalo hakulisema: ufasaha siyo uongozi. Tuna wenzetu darasani wakisimama kuwasilisha utadhani majaji, ukiwapa kazi ya kikundi hawaonekani. Na mdahalo wa Kiingereza ukionyeshwa Mwera, mwenye kufaidi ni binti mmoja wa kidato cha sita na wengine wanafaidi kile anachoamua kuwatafsiria. Nilikuwa na madaraka makubwa usiku ule, wala sikuyatumia vibaya, ila ningeweza.

Lakini mimi simtafuti msemaji hodari. Mimi natafuta swali ambalo mgombea hakulichagua.

Chukueni Kenya 2013. Wagombea wanane walisimama mstari mmoja Februari, tena wawili waliongezwa dakika za mwisho baada ya Paul Muite kwenda mahakamani. Watu wengi wanakumbuka vituko vya Mwalimu Abduba Dida na ile kauli ya Raila kwamba itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Sawa, vilichekesha. Mimi ninachokumbuka ni mdahalo wa pili, tarehe 25 Februari, walipofika kwenye ardhi. Uhuru Kenyatta, mtoto wa rais wa kwanza, akaulizwa hadharani familia yake ina ardhi kiasi gani. Akataja ekari 30,000 za Taita Taveta. Raila naye akabanwa kuhusu ardhi ya kiwanda cha molasi Kisumu. Hebu fikirini. Ni mkutano gani wa hadhara, na ngoma zake na helikopta zake, ambapo mwananchi angesimama akamuuliza Kenyatta, bwana mkubwa, una ekari ngapi? Na Taveta kule ni nchi ya mkonge kama kwetu, mistari ileile, na watu wanaoishi pembezoni mwa mistari. Nilipoiona ile dakika YouTube nilimfikiria babu.

Kwa sababu babu ana swali moja. Tangu nimepata akili namsikia nalo: vijana wa hapa watalima wapi? Bahari mbele, mashamba makubwa nyuma, kijiji kinaongezeka katikati. Ndo hilo tu, halina itikadi. Kwenye kampeni moja, mwaka sitautaja na mgombea sitamtaja, gari la matangazo lilikuja asubuhi, muziki mpaka mchana, fulana, kofia, khanga. Mgombea akafika alasiri, akaongea kama robo saa hivi. Barabara. Daraja la Pangani, ambalo tuliahidiwa tangu mama yangu msichana na ujenzi wake haukuanza mpaka baada ya uchaguzi wa 2020. Maji. Babu yuko mstari wa pili, kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akanyoosha mkono. Mgombea akamwona, nina hakika akamwona, kwa sababu alimtabasamia. Kijana mmoja wa msafara akaja akaushika ule mkono kwa heshima zote akaushusha. "Maswali baadaye, mzee wangu." Wakapanda magari kuwahi pantoni. Babu akarudi nyumbani na kofia.

Watu wakiniambia mikutano ya hadhara inatosha, kwamba mgombea wetu anawafuata wananchi walipo, haina haja ya mdahalo, mimi nauona ule mkono unashushwa. Mkutano wa hadhara ni mgombea kuwaonyesha watu sauti yake. Mkutano hauna baadaye. Mdahalo nao una ubaya wake, lakini angalau kuna mtu mmoja pale ambaye kazi yake ni kuuliza, na kuna mwenzio aliyekaa kando anayesubiri uteleze. Hapo ndipo swali la mzee wa Mwera lina nafasi ya kupenya, hata kama atalisoma mtangazaji aliyevaa suti.

Mwaka jana, tarehe 29 Oktoba 2025, nilipiga kura yangu ya kwanza ya maisha, Mwera. Karatasi ya urais ilikuwa na majina 17. CHADEMA hawakuwemo, walikuwa wamezuiwa baada ya kukataa kusaini maadili ya uchaguzi, na mwenyekiti wao Tundu Lissu alikuwa ndani tangu Aprili kwa kesi ya uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alikuwa ameondolewa. Kati ya wale 17, miezi yote ya kampeni sikuona hata mara moja wamewekwa meza moja wakaulizwa swali moja. Nilisimama kwenye kile kiboksi na kalamu, nawasoma majina, wengine ndo kwanza nawaona sura. Nilimaliza kusoma nikagundua sina ninachokijua zaidi ya nyimbo. Siku hiyohiyo mijini kukawaka, intaneti ikazimwa nchi nzima, watu wakapoteza maisha, na sisi kijijini tukakaa gizani siku kadhaa hatujui nani yuko hai Dar es Salaam. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Sitaki kujifanya kwamba mdahalo ungezuia yale. Yale yana mizizi mirefu na mimi ni mwanafunzi tu. Nasema nilichokiona kwenye kiboksi: nilitakiwa kuchagua, na hakuna aliyekuwa amejibu.

Hapa chuo nilidhani tuna afadhali. Tuna ukumbi, tuna kipaza sauti, na tuna mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ambaye ni mwanafunzi mwenzetu na anaogopa aibu. Mgombea hana polisi, hana msafara, hana pantoni ya kuwahi. Anatoka hosteli anatembea dakika saba. Halafu anashindwa!

Na wale wawili waliokuja Alhamisi, niseme kweli, walikuwa wa kawaida sana. Yule dada wa Biashara ana sauti nzuri lakini kila swali alilirudisha kwenye mikopo, hata lililohusu paka wa kantini. Yule kaka wa Uhandisi alipoulizwa kuhusu maji alikaa kimya kama sekunde kumi, watu wakaanza kuzomea, halafu akasema: sijui tatizo liko kwenye pampu au kwenye bomba la kuingilia, ila nikichaguliwa jambo la kwanza ni kujua. Wenzangu walicheka. Mimi nikaandika kwenye daftari. Kwenye sheria tunafundishwa kwamba shahidi anayesema sijui pale asipojua, ukimsikia anasema najua una sababu ya kumwamini.

Mtihani usipokuja bila sababu unapewa sifuri, tunaijua wote hiyo. Huandikiwi "alikuwa na kikao".

Sasa habari mpya. Nimeandika mpaka hapa, rumeti ameingia, akanikuta, akasoma akiwa amesimama nyuma yangu (tabia mbaya, nimemwambia mara ngapi). Kimya. Halafu akasema, lile la babu na mkono hujawahi kunisimulia. Nikasema hukuuliza. Akakaa kitandani, akapiga simu kwa mtu wake palepale, wakabishana kidogo kwa sauti ya chini. Amesema mgombea atakuja bloku letu kesho baada ya magharibi, ajibu maswali ya mtu yeyote, na amekubali yule kaka wa Uhandisi naye aalikwe. Nimemwambia tutaona. Peremende asije nazo.

Nilimpigia na babu jioni, shikamoo, marahaba, nikamsimulia ya huku. Ameniuliza huyo mgombea wenu ni mtoto wa nani. Nikasema simjui baba yake. Akasema muulize na hilo.

Haya, nawakilisha. Saa mbili asubuhi nina testi ya Sheria ya Ardhi na sijagusa kitu, na maji yamerudi sasa hivi, acha nikakinge kabla hawajayakata tena.